Mbio za Ndoo Sifuri

Ifahamike kwa wote watakaosoma maandishi haya, wakubwa kwa wadogo, kwamba mimi niliyeyaandika nilikuwa Mtunza Muda Mkuu wa mbio zilizoitikisa shule yetu nzima, na kwamba bila mimi mbio hizo zisingekuwa na historia. Maana halisi ya cheo hicho ni kwamba kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri nilichuchumaa kando ya bomba la bweni, mvua ikinipiga kisogoni, nikitazama ndoo ikijaa. Mshahara wangu ulikuwa mafua.

Mkimbiaji mwenyewe alikuwa Matroni. Naomba msomaji alirudie neno hilo, kama sisi tulivyoomba lirudiwe tulipolisikia. Matroni wa bweni letu alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mpana wa mabega na mpana zaidi kwingineko, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mvulana aliyewahi kumwona akiharakia jambo lolote. Alipita bwenini kama kabati linalohamishwa na watu waangalifu. Msemo wake ulikuwa haraka haraka haina baraka, na aliutoa hata kwa mtu anayekimbilia chooni.

Majina yetu hakuyatumia. Kila mvulana alikuwa na ndoo yenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na namba hiyo hiyo ilishonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola ya kila shati lake. Matroni alituita kwa namba hizo. Mimi nilikuwa Arobaini na Saba. Rafiki yangu aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa Kumi na Mbili. Matroni mwenyewe alikuwa na ndoo iliyoandikwa sifuri, kwa sababu, alisema, hesabu lazima ianzie mahali.

Chanzo cha yote kilikuwa pasi. Jumamosi moja mchana, mtu asiyejulikana aliiacha pasi ya umeme imelala kifudifudi juu ya nguo katika chumba cha kupigia pasi, akaenda zake kutazama mpira. Nguo ikaungua, meza ikashika, pazia likafuata. Matroni aliona moshi akafanya kama kanuni ya shule inavyotaka: moto ukionekana, msimamizi wa bweni anakwenda kupiga kengele kubwa ya getini, maana king'ora hatuna. Tatizo ni kwamba bweni letu liko chini kabisa ya kilima na geti liko juu kabisa. Matroni alipanda kwa dakika kumi na moja. Kengele ilipolia, wavulana walikuwa wameshauzima moto kwa maji ya kufulia, wameanza kufagia majivu, na wanabishana nani alikuwa shujaa. Hakuna aliyeumia isipokuwa pazia.

Kuhusu yule mtu asiyejulikana sitasema zaidi, kwa kuwa hakujulikana.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa matangazo. Jumatatu alisimama mbele yetu na karatasi, akasoma kwamba kuanzia sasa msimamizi yeyote wa bweni lazima aweze kufika kwenye kengele ndani ya dakika nne, na kwamba jaribio litafanyika baada ya wiki sita. Atakayeshindwa atahamishiwa stoo ya chakula. Nafasi ya Matroni, ikibidi, ingechukuliwa na mwalimu wa nidhamu ambaye sisi tulimwita Rula, mtu aliyeamini kwamba mvulana akicheka ujue kuna kitu amekiiba.

Ndipo Matroni aliposimama kule nyuma ya ukumbi, akakunja mikono, akasema neno moja.

"Nitakimbia."

Tulicheka. Tulicheka kwa adabu kwanza, kisha bila adabu, mpaka tulipogeuka kumtazama tukaona hachezi. Kicheko kilikatika kama maji ya bomba siku ya kufua. Baadaye Kumi na Mbili aliniambia jambo ambalo mimi sikulijua: chumba cha mwisho wa bweni, kile chenye mlango wa kijani, ndicho nyumba yake. Hana nyingine. Stoo ya chakula haina chumba cha kulala. Akihamishiwa huko, atafute pa kupanga mjini, kwa umri ule, na masanduku yake ya miaka kumi na tisa.

Nilimwambia Kumi na Mbili kwamba hilo si letu. Usiku huo chakula hakikunipita vizuri, lakini maharage ya shule yana kawaida hiyo.

Msimu wa mvua ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Matroni aliomba, na Mkuu akakubali, kwamba mazoezi yake yawe ndiyo kengele yetu ya kuamka: ataondoka mlangoni mwa bweni saa kumi na moja na nusu kamili, na atakapofika getini atapiga, nasi tuamke. Tulilipokea jambo hilo kwa shangwe. Shule nzima ilikuwa imepewa usingizi wa ziada, na kadiri mama yule alivyokuwa mzito, ndivyo tulivyozidi kulala.

Asubuhi ya kwanza alitoka na kandambili, leso kichwani, koti la mvua la manjano lililomfanya aonekane kama hema, na saa ya mkononi. Kandambili moja ilibaki kwenye tope hatua ya ishirini. Saa iliingia maji, ikasimama palepale, na haikuamka tena. Alirudi amelowa mpaka kwenye mifupa, akakaa kwenye ngazi ya bweni, akahema kwa muda mrefu bila kumtazama mtu. Kisha akaita mstari.

Akasema saa imekufa na hana nyingine, ila anajua kitu kimoja. Bomba la bweni, tangi likiwa limejaa, linajaza ndoo yake kwa dakika nne, si zaidi, si pungufu. Amelipima bomba hilo kwa miaka kumi na tisa, akisubiri. Basi atahitaji mtu wa kufungua bomba anapoondoka, na kulifunga anaposikia kengele, na kusema maji yamefika wapi. Macho yake yakapita juu ya vichwa sitini yakatua juu yangu.

"Arobaini na Saba atahesabu."

Niliuliza, kwa heshima zote, kwa nini mimi.

"Wewe una macho," alisema.

Kumi na Mbili alininong'oneza kwamba hiyo si sifa, hata kiazi kina macho.

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo changu. Kesho yake nilifungua bomba, nikaiona ile hema ya manjano ikimezwa na mvua, na nikasubiri. Ndoo Sifuri ilijaa. Niliiondoa nikaweka ndoo yangu, Arobaini na Saba. Nayo ilikaribia kujaa ndipo nikasikia, mbali, kengele ikigongwa mara moja kwa unyonge, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mdai wake. Nilipiga chaki ukutani: ndoo mbili kasoro kata moja.

Alihitaji ndoo moja.

Wiki ile ya kwanza alianguka mara tatu. Akirudi nilimwona tope likiwa limempanda mpaka kiunoni, na alichosema kila siku ni swali lilelile: "Maji?" Nami nilisema maji. Siku ya nne aliacha kandambili akaenda peku. Siku ya sita alifungua sanduku la vitu vilivyookotwa akapata raba mbili, moja nyeupe na moja ya bluu, zote za mguu mkubwa, akazifunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Wavulana walichungulia madirishani kumwona akipita, na kicheko kilikuwa cha kutosha shule tatu. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na shati moja tu wakati huo, kwa sababu ambazo hazina uzito hapa, na lilikuwa halikauki. Mtu aliyelowa anahitaji kicheko zaidi ya mtu mkavu.

Mwisho wa wiki ya pili alikuwa kwenye ndoo moja na robo tatu. Nilipiga hesabu. Kwa mwendo ule angefika getini kwa dakika nne mwaka ambao mimi ningekuwa na wajukuu. Ndipo likanijia wazo.

Sasa nakiri kwa msomaji, na naomba akumbuke kwamba nimekiri mwenyewe. Jumapili mchana, watu wakiwa wanafua, nilichukua msumari na jiwe nikaitoboa Ndoo Sifuri karibu na kitako. Tundu dogo, la kiungwana. Ndoo inayovuja huchelewa kujaa, na ndoo ikichelewa, mkimbiaji anawahi. Nilijiambia kwamba huu ni utani, na mkubwa kuliko ule wa kumfungia Rula kengele ya mbuzi kwenye baiskeli. Matroni atavimba kichwa, atatangaza bwaloni kwamba yeye ni swala, nasi tutakufa kwa kucheka. Hakuna atakayeona tundu, kwa sababu ndoo inakaa ndani ya karo la sementi ambalo asubuhi za mvua linakuwa limejaa maji mpaka vifundoni.

Jumatatu kengele ililia ndoo moja ikiwa imejaa na ya pili imefika nusu. Nilipomwambia, Matroni alisimama, akaniangalia, mvua ikimtiririka kwenye nyusi.

"Nusu?"

"Nusu, Matroni."

Hakutangaza kitu bwaloni. Alisema asante, akaibeba Ndoo Sifuri akaenda nayo chumbani. Jambo hilo lilinichoma kidogo, kwa kuwa utani usiotangazwa ni kama kuku asiyetaga.

Jumanne akarudi nyuma: ndoo moja na nusu na vidole vitatu. Nikalaumu mvua, ambayo siku hiyo ilikuwa inamwagika kama iliyotumwa. Lakini Jumatano akawa kwenye nusu tena. Alhamisi chini ya nusu. Ijumaa ndoo moja na robo. Nilisimama pale karoni nikiwa nimeshika chaki, mdomo wazi, mvua ikiingia bure.

Jambo la pili lilikuwa linatokea ambalo tulichelewa kuling'amua. Asubuhi moja Kumi na Mbili alikaa kitandani akiwa na macho mekundu, akasema haelewi, anajisikia kama hakulala. Tukahesabu. Wiki ya kwanza kengele ililia karibu dakika nane baada ya saa kumi na moja na nusu. Sasa ililia dakika tano. Yule mama alikuwa anachukua maendeleo yake kutoka kwenye usingizi wetu, dakika baada ya dakika, na kwa kasi ile angetuamsha kabla hatujalala. Waliokuwa wakimcheka wiki ya kwanza walianza kumwomba apumzike. Mmoja alimpelekea kiti.

Alikikalia kile kiti akafunga raba vizuri.

Wiki ya nne nilitoboa tundu la pili. Tangu lile la kwanza nilikuwa nimeona utani wangu unanikataa, nikadhani dawa ya tundu ni tundu. Kesho yake akawa kwenye ndoo moja kamili. Siku iliyofuata akarudi nyuma vidole vinne, nikalaumu mvua tena, mvua masikini ambayo haikuwa na wakili. Kisha akaanza kushuka upya. Kufikia mwisho wa wiki ya tano kengele ilinikuta ndoo ikiwa bado haijajaa. Ilikuwa imepungua kiganja kizima.

Nilifunga bomba nikabaki nimeduwaa. Nijuavyo mimi, ndoo yenye matundu mawili ingetaka zaidi ya dakika tano kujaa, kwa hiyo kiganja kile cha kupungua kilikuwa uongo wangu mtupu. Lakini hata ukitoa uongo wangu wote, kilichobaki kilikuwa kikubwa mno kwa mtu yule. Niliamua kwamba anadanganya. Ndiyo, mimi. Niliamua kwamba mlinzi wa geti, tuliyemwita Funguo, anampigia kengele Matroni akiwa bado mlimani, na nilikasirika sana. Naichukia hila, hasa ya wengine.

Nilimtuma Kumi na Mbili ajifiche nyuma ya ua wa geti kesho yake. Alirudi amelowa, uso umebadilika.

"Anapiga mwenyewe," alisema. "Na anakimbia kweli, ndugu yangu. Si kutembea kwa haraka. Anakimbia."

Nikamwambia asinichezee.

"Hatua fupi fupi, anakanyaga pembeni kwenye majani, tope la katikati haligusi. Madimbwi anayajua kama vile ameyachimba. Na anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Sisi. Kila hatua kadhaa anataja ndoo. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Nilidhani ameniona nikataka kusimama." Akajifuta pua. "Funguo anasema wiki ya kwanza alikuwa anaishiwa pumzi kwenye tisa. Sasa anatufikisha sitini wote."

Nilipanda kitandani nikageukia ukuta. Mambo mawili yaligombana kichwani mwangu. La kwanza, kwamba yule mama anakimbia kweli. La pili, baya, kwamba anadhani amefika na hajafika, kwa sababu mimi nimemtobolea saa yake. Siku ya jaribio Mkuu angekuja na saa isiyo na matundu. Dakika tano zingeonekana ni dakika tano. Matroni angesimama mbele ya shule nzima akiwa ameamini namba zangu, na mlango wa kijani ungefungwa kwa kufuli.

Mtu mwenye heshima angekwenda kumwambia siku ileile. Mimi nilikwenda mpaka mlangoni, nikanyanyua mkono kubisha, nikasikia anaimba ndani huku akikamua nguo, nikarudi. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kila siku nilijipa ahadi ya kesho, na kesho haina mwisho.

Siku ya jaribio mvua ilinyesha kama iliyosikia kuna sherehe. Mkuu alikuja na mwavuli, filimbi na saa kubwa ya kuhesabia mbio iliyoning'inia kifuani kama medali. Karani wake alikuwa ameshapanda getini kuwa shahidi, asije mtu akasema kengele ilijipiga yenyewe. Rula naye alikuja, akatazama bweni kutoka paa mpaka sakafu kama fundi anayekuja kupima mapazia. Sisi wote sitini tulipangwa chini ya baraza.

Matroni akamwomba Mkuu jambo moja, kwamba ndoo yake nayo iwekwe, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Mkuu alicheka kidogo akakubali. Kisha akasema haioni vizuri ndani ya karo, iinuliwe juu ya matofali mawili ili kila mtu aone.

Ndoo juu ya matofali ni ndoo ambayo kitako chake kinaonekana. Mbele ya shule nzima, mbele ya Mkuu na Rula, Ndoo Sifuri ingekojoa kwa matundu mawili, na kila mtu angemtazama Mtunza Muda Mkuu.

Filimbi ikalia. Hema ya manjano ikaondoka. Kwa miguu yangu miwili nilisimama pale nikafungua bomba, na nikaona kwa macho yangu mwenyewe jinsi alivyoondoka: kichwa chini, viwiko karibu na mbavu, raba nyeupe, raba ya bluu, nyeupe, bluu, mpaka mvua ikamfunika.

Nikainama kutazama kitako cha ndoo.

Kilikuwa kikavu.

Nilizunguka upande wa pili nikidhani nimesahau nilipotoboa. Kikavu. Hakuna tone. Na maji ndani yalikuwa yanapanda, yanapanda kama yana deni, kwa mwendo wa ndoo nzima isiyo na kasoro yoyote. Kama ndoo haivuji leo, basi dakika nne ni dakika nne, na yule mama yuko kilimani na mwili wake mwenyewe, bila msaada wa msumari wa mtu. Maji yakapita nusu. Mvua juu ya bati ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba nilihofia hata kengele ikilia hatutaisikia. Mkuu alitazama saa yake. Rula alitazama mlango wa kijani. Maji yakafika robo tatu. Nikajikuta nahesabu kwa sauti, bila kujua: thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja. Nyuma yangu Kumi na Mbili akadakia, kisha mvulana wa kitanda cha jirani, kisha mstari mzima, watu sitini tukijitaja kwa zamu chini ya baraza kama wendawazimu.

Tulikuwa kwenye hamsini na nne kengele ilipolia.

Haikubisha hodi. Iligongwa kama kuna moto kweli. Nilifunga bomba kwa mikono miwili. Maji yalikuwa vidole vitatu chini ya ukingo. Mkuu aliileta saa karibu na macho, akaitikisa, akaisoma tena.

"Dakika tatu na sekunde thelathini na tatu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma telegramu ya msiba. Kisha akamgeukia Rula kana kwamba Rula ndiye aliyekimbia.

Tulikuwa tumepigwa na butwaa, wote, pamoja na mwavuli. Kisha bweni likalipuka.

Mkuu alipanda kwenda ofisini, ambako ni hatua chache tu kutoka kwenye kengele, kuandika tangazo jipya. Rula alikwenda alikokwenda. Matroni alishuka kwa mwendo wake wa kabati, akapokea taulo tatu na kelele nyingi, akatuambia haraka haraka haina baraka, tukanywe uji. Watu wakaondoka. Nami nilikuwa nimeanza kuondoka.

"Arobaini na Saba. Lete hiyo ndoo."

Nilimpelekea. Aliyamwaga maji, akaigeuza ndoo juu chini, akaniwekea karibu na uso. Pale nilipotoboa kulikuwa na vijipande viwili vya sabuni ya mche, vimekandamizwa na kulainishwa mpaka vimekuwa sawa na bati. Kila mvulana wa bweni anajua kuziba ndoo kwa sabuni. Yeye ndiye aliyetufundisha.

"Lini?" niliuliza, sauti ikitokea mbali.

"Kila ulipotoboa, kesho yake nikishakimbia. Hii ndoo naogea, mwanangu. Ulidhani nitaoga na nusu ya maji nisijiulize?"

Nilikuwa nimefikiria mambo mengi katika hila ile, pembe ya msumari, kina cha karo, tabia ya mvua. Kwamba mwanadamu huoga halikunijia. Nikaelewa zile siku alizorudi nyuma. Nikaelewa kwamba kila namba niliyoandika baada ya hapo ilikuwa ya kweli, na kwamba muda wote niliokuwa nikimwogopea, mtu wa kuogopewa hakuwa yeye.

Nilianza kuomba msamaha. Nilieleza kwamba ulikuwa utani tu mwanzoni, na kwamba la pili sikulitoboa kwa ubaya. Alinisikiliza huku akifungua kamba ya raba ya bluu.

"Matundu nimeyasamehe siku ileile," alisema. "Matundu yalinisaidia. Mtu akikudanganya kwamba umewahi, unajua ni lazima uwahi kweli kabla hajachoka kudanganya. Nilikuwa nasubiri kitu kingine."

Aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa ameshika kitambaa kidogo cheusi kilichojikunja kwa kuungua, akakiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa kola ya shati. Ndani yake, upande ambao moto haukufika vizuri, uzi mwekundu ulikuwa bado unasomeka. Nne. Saba.

Mvua ilikuwa inaendelea juu ya bati, na mimi sikuisikia.

"Niliiokota kwenye majivu kabla hamjafagia yote," alisema. "Wiki sita, Arobaini na Saba. Kila alfajiri nimekuweka pale kwenye bomba peke yako, nikasema leo ataniambia. Nikipanda kilima, nikifika kwenye namba yako nasema, labda nikishuka. Mkuu anaamini moto ule ulikuwa uzembe wangu. Ameuandika kwenye faili langu. Leo nimebaki na chumba, lakini faili ni lilelile."

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Namshukuru Mungu halikuja.

Aliichukua Ndoo Sifuri akaiweka chini ya bomba, ndani ya karo, akashika koki. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ana haraka.

"Mkuu yuko ofisini," alisema. "Una ndoo moja."

Akafungua maji.

Nilikimbia. Nataka ieleweke kwamba mimi nina miaka kumi na mitano, sina kilo hata hamsini, na kilima kile kilinishinda mara mbili. Tope la katikati lilinimeza mguu mpaka gotini. Nilijaribu pembeni kwenye majani, nikateleza. Nilijaribu kuhesabu ndoo, nikaishiwa pumzi kwenye kumi na sita. Funguo aliniona napita akaacha kula. Nilifika mlangoni kwa Mkuu nikiwa na tope usoni, kola ile mkononi, na kifua kinachowaka, nikaingia bila kubisha, kosa ambalo peke yake lina adhabu.

Mkuu aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi yake. Aliuliza kama kuna moto.

"Ulikuwepo," nilisema, nikaiweka kola juu ya meza. "Pasi ni mimi niliyeiacha. Shati ni langu. Matroni hana kosa, na kwenye ndoo yake nimetoboa matundu mawili."